Kipimo safi, mtandao giza: kisa cha kebo ya faiba iliyounganishwa usiku wa mvua

Kisa hiki ni cha kweli. Nilikuwepo, na sehemu ya kosa ni yangu. Majina ya watu, kampuni, wateja na barabara nimeyaondoa. Vituo viwili vilivyohusika naviita Juu na Chini, kwa kuwa kimoja kiko nyanda za juu na kingine bondeni.

Hali ilivyokuwa kabla

Kati ya Juu na Chini kuna kilomita 71 za kebo ya nyuzi 48, iliyofukiwa kando ya barabara kuu ndani ya bomba la plastiki. Ndani ya kebo kuna mirija 4, na kila mrija una nyuzi 12. Usiku wa tukio nyuzi 6 tu, zote za mrija wa kwanza, ndizo zilikuwa na kazi: jozi 3 zilizobeba mawasiliano ya wilaya nzima. Uzi wa 1 na wa 2 jozi moja, wa 3 na wa 4 nyingine, wa 5 na wa 6 ya mwisho. Uzi mmoja unapeleka, mwenzake unarudisha. Ishike hesabu hiyo, maana kisa chote kimekaa humo.

Hasara ya mwanga kutoka kituo hadi kituo kwa wimbi la nanomita 1550 ilikuwa 16.8 dB (desibeli, kipimo cha upotevu wa mwanga), na vifaa vya mwisho viliweza kuvumilia hadi 24. Tulikuwa na akiba ya dB 7 hivi. Akiba hiyo ndiyo iliyoturuhusu kuchagua njia tuliyoichagua.

Stoo tulikuwa na roli moja tu la kebo ya nyuzi 48, bakaa la mradi mwingine, la kiwanda tofauti na kilichotengeneza kebo iliyoko ardhini. Mashine ya kuyeyushia ilikuwa moja. Ya pili ilikuwa kwa fundi wa elektroniki ikisubiri elektrodi.

Kebo inakatika

Saa 8:40 mchana, kengele. Jozi zote tatu zikazima kwa mpigo, na jozi tatu zikizima pamoja huna haja ya kuuliza kama ni kifaa. Mwenzetu wa Juu akafunga OTDR, kile kipimo kinachorusha mwanga ndani ya uzi na kusikiliza mwangwi wake, kikamwambia uzi unaishia kilomita 23.9.

Tukaondoka na gari, macho kwenye kisomeo cha kilomita. Tulipofika 23.9 tulikuta nyasi, mbuzi wawili na mvua ya rasharasha. Hapakuwa na shimo wala mtu. Tukaenda mbele, tukarudi nyuma. Kilichotuokoa ni mama mmoja aliyekuwa akichoma mahindi chini ya mwavuli.

"Shikamoo mama."

"Marahaba wanangu. Mnatafuta ule waya mweusi?"

Alikuwa ameona kila kitu. Katapila lililokuwa likichimba mtaro wa maji ya barabara liliuvuta ule waya "kama anavyovutwa nyoka shimoni", dereva akashuka, akautazama, akapanda tena, akaufukia na kusawazisha udongo kwa mgongo wa ndoo. Alama za meno ya ndoo bado zilionekana kwenye tope. Kisomeo cha gari hapo kilisema 23.1.

Hiyo tofauti ya mita 800 haikuwa kosa la kipimo. OTDR hupima urefu wa uzi na gari hupima urefu wa barabara. Ndani ya kebo nyuzi hulala kwa kujisokota, kwa hiyo kilomita moja ya kebo ina uzi unaozidi kidogo kilomita moja, kwa kawaida asilimia 1 hadi 3. Ongeza mizunguko ya akiba iliyoachwa katika kila chemba, lile shimo la kuifikia kebo, na kila kiungo njiani. Kila fundi wa faiba analijua hili, na tuliokuwa ndani ya gari sote tulilijua. Hata hivyo tulipoteza nusu saa.

Uamuzi wa kwanza: wapi pa kukatia

Kebo iliyovutwa na katapila haiharibiki pale ilipokatikia tu. Inanyooka, nyuzi za ndani zinakatika mita kadhaa mbele na nyuma huku ganda la nje likionekana zima. Fundi mkongwe wa timu, mtu ambaye sote tunamwita Mzee ingawa hajafika hata miaka 50, alikataa katakata kuunganisha pale pale shimoni. Badala yake tukaenda chemba moja kila upande, A upande wa Juu na B upande wa Chini, umbali wa mita 180 kati yake, tukakata kebo mle ndani ambako ilikuwa na akiba na haikuwa imevutwa, na kulaza kipande kipya kutoka chemba hadi chemba. Maana yake viungo mara mbili: 96 badala ya 48. Lakini kila fundi angefanyia kazi kwenye kebo salama yenye urefu wa kutosha kufika mezani.

Uamuzi huo sijawahi kuujutia.

Uamuzi wa pili: njia gani ya kuunganisha

Njia tulizokuwa nazo ni mbili.

Ya kwanza ni kuyeyusha. Unamenya koti la uzi, unaufuta kwa alkoholi, unaukata kwa kliva ili uso wake uwe wima, kisha unaulaza kwenye mfereji wa mashine ukitazamana na mwenzake. Mashine inaviona viini vya nyuzi kwa kamera, inavilinganisha, inapiga cheche ya umeme, na kioo cha nyuzi mbili kinakuwa kioo kimoja. Kiini cha uzi wa masafa marefu kina upana wa mikromita 9 hivi, ndani ya kioo cha mikromita 125, kwa hiyo kupishana kidogo tu kunamwaga mwanga. Kiungo kizuri cha namna hii hupoteza 0.02 hadi 0.05 dB na hukaa miaka.

Ya pili ni kubana. Unaandaa uzi vilevile, kumenya, kufuta, kukata, ila badala ya cheche unausukuma ndani ya kipande kidogo cha plastiki chenye mfereji na tone la jeli, wa upande wa pili unausukuma ukutane nao, kisha unabana. Jeli inaziba mwanya ili mwanga usiruke nyuma. Hakuna umeme na hakuna mashine ya mamilioni. Hasara huwa 0.1 hadi 0.5 dB, ikitegemea mkono wako.

Saa 1 usiku ilikuwa inaingia, mvua imekolea. Mashine moja, chemba mbili. Kufanya nyuzi 6 za chemba A, kisha kuhamisha meza, jenereta na turubai hadi chemba B na kuanza upya, kungetuchukua zaidi ya saa moja juu ya kazi yenyewe. Nikapiga hesabu: viungo 6 vya kubana, hata kila kimoja kikila nusu dB, kila uzi utapoteza nusu dB tu zaidi, na akiba yetu ni 7. Nikaamua: Mzee akae chemba A na mashine, fundi kijana akae chemba B na vipande vya kubana. Nyuzi 6 zenye kazi kwanza. Nyingine 42 kesho. Vya kubana tutavirudia kwa kuyeyusha mvua ikipungua.

Kabla ya kutawanyika tulifungua ganda la kebo mpya na kukubaliana mrija upi uende na upi, kwa kuwa rangi za mirija zilitofautiana na za zamani na hilo lilionekana mara moja. Fundi kijana akauliza, "Na nyuzi je, kaka?"

Nikamjibu: "Unganisha kama kawaida."

Chemba A, saa 1:30 usiku

Mashine ilikuwa imetoka pwani siku mbili kabla. Pale tulipo ni mita 1,700 hivi juu ya usawa wa bahari, baridi, hewa nyepesi na yenye unyevu. Cheche ya umeme hubadilika na hewa. Kiungo cha kwanza cha majaribio kilitoka na kiuno, kioo kimebonyea katikati. Simu zikiita moja baada ya nyingine, Mzee akazipa mgongo na kuanza kurekebisha cheche kwa vipande vya uzi chakavu: anaweka, mashine inapiga, inapima, inajirekebisha, anarudia. Dakika 6. Mkubwa mmoja alipiga kuuliza kwa nini hatujaanza. Nilimwambia tumeanza.

Tatizo lililofuata halimo kwenye kitabu chochote nilichowahi kusoma. Kumbikumbi. Mvua ya jioni, taa kali ya jenereta, wakaja kama moshi. Bawa moja la kumbikumbi likidondoka kwenye mfereji wa mashine, uzi haulali tena, na ukijaribu kulifuta kwa haraka unakwaruza mfereji. Mzee akaagiza taa kubwa ibebwe mita 20 mbele, ielekezwe porini, na yeye akabaki na tochi ya kichwani ndani ya turubai. Kumbikumbi wote wakaifuata taa. Viungo 6 vikakamilika, mashine ikikadiria 0.01 hadi 0.03 kila kimoja.

Saa 2:50 usiku chemba B nayo ikasema tayari. Tukapiga simu Juu na Chini. Hakuna jozi hata moja iliyowaka.

Nusu saa ya giza

Mwenzetu wa Juu akapima tena. Hapa ndipo kisa kinapofundisha, kwa hiyo nitakwenda taratibu.

Uzi wa 2, wa 3, wa 5 na wa 6 ulionekana mzima hadi kilomita 71, hasara ya kawaida, viungo vya kupendeza. Uzi wa 1 na wa 4 uliishia chemba B.

Tafsiri yangu ya kwanza ilikuwa ile ambayo fundi yeyote angeitoa: viungo viwili vya kubana vimeshindwa, na huko Chini kuna tatizo la vifaa. Nikamwambia fundi kijana arudie wa 1 na wa 4. Akakataa kwa adabu. "Kaka, hivyo nimevifanya vizuri, hata tochi nyekundu ya kukagulia uzi imeonyesha." Nikadhani anajitetea.

Wakati tunabishana, mwenzetu wa Chini, kwa kukata tamaa tu, akachomoa pachikodi mbili, zile waya fupi zinazounganisha uzi na kifaa, za jozi ya 5 na 6 na kuzibadilishana nafasi. Ikawaka. Saa 3:20 usiku.

Simu ilikaa kimya kidogo. Kisha Mzee, kutoka chemba A, akauliza swali moja: "Mdogo wangu, ule wa kwanza umeufunga kwenye rangi gani?"

"Bluu kwa bluu, mzee."

"Mimi wa kwanza nimeufunga kwenye nyekundu."

Kebo iliyoko ardhini hufuata mpangilio wa rangi wa Kimarekani: bluu, chungwa, kijani, kahawia, kijivu, nyeupe, nyekundu, nyeusi, njano, zambarau, waridi, bluu-bahari. Kebo ya stoo ilifuata wa Kijerumani: nyekundu, kijani, bluu, njano, nyeupe, kijivu, kahawia, na kuendelea. Mzee aliunganisha namba kwa namba: wa 1 kwa wa 1, rangi ziwe zozote. Fundi kijana aliunganisha rangi kwa rangi, kwa sababu tangu aanze kazi hii hakuwahi kukutana na kebo mbili zisizofanana. Kila mmoja alifanya "kama kawaida".

Fuata njia ya kila uzi utaona uzuri wa lile kosa. Uzi wa 5 wa Juu uliingia kwenye wa 5 wa kebo mpya, ambao ni mweupe. Chemba B mweupe ukafungwa kwa mweupe, ambao kwenye kebo ya zamani ni wa 6. Wa 6 wa Juu ukaingia kijivu, ukatokea wa 5. Jozi moja imepishana yenyewe kwa yenyewe, mtumaji akimtazama mtumaji, ndiyo maana kugeuza pachikodi kuliponya. Wa 2 ukatokea wa 3. Wa 3 ukatokea wa 1. Wa 1 uliingia mwekundu na wa 4 uliingia wa njano, na fundi kijana hakuwa na sababu ya kugusa mwekundu wala wa njano, kwa sababu hakuna rangi hizo kwenye nyuzi 6 za mwanzo za kebo ya zamani. Alisema kweli. Viungo vyake vyote 6 vilikuwa vizuri.

Na OTDR nayo ilisema kweli. Inachojua ni kwamba mwanga umepita. Umetokea mlango upi, hilo haiulizi wala haisemi.

Uamuzi wa tatu, na deni lake

Tungeweza kuunganisha tu uzi wa 1 na wa 4 popote palipobaki chemba B, kisha kumaliza mengine yote kwa kubadili pachikodi pale Chini. Nilikataa: ukificha mpishano kwenye fremu ya kituo, fundi atakayekuja mwaka ujao na mchoro mkononi atalia. Kwa jozi mbili za mwanzo tukahamisha mashine hadi chemba B na kuyeyusha nyuzi 4 upya, namba kwa namba. Saa 4:50 usiku zikawaka. Saa 8 na dakika 10 tangu kebo ikatike.

Ila jozi ya 5 na 6 ilikuwa tayari inabeba mawasiliano. Kuizima ili kuirekebisha, usiku ule, mbele ya simu zile? Nikaiacha ilivyo: viungo vya kubana, imepishana chemba B, imegeuzwa Chini. Kwenye kundi letu la WhatsApp mtu aliandika "imewaka" na picha ya taa ya kijani. Hakuna aliyeandika kwamba pachikodi zimegeuzwa.

Saa 11 alfajiri jozi hiyo ikaanza kukatika na kurudi. Baridi ya kule juu alfajiri si ya mchezo. Tulipofungua baadaye tulikuta kiungo cha uzi wa 6 ncha zake hazikugusana sawasawa. Mwanya ulikuwa umejazwa na jeli peke yake. Jeli hubadilika na joto, na kioo hakibadiliki pamoja nayo. Jua lilipochomoza ikatulia.

Usiku wa tatu, saa 6, tukaomba muda wa matengenezo, tukaizima, tukayeyusha nyuzi mbili zile kwa usahihi, namba kwa namba. Mashine ikakadiria 0.02. Jozi ikagoma kuwaka. Tukavunja viungo viwili vizuri kabisa, tukavifanya upya, ikagoma tena. Dakika 25 zilipita ndipo mwenzetu wa Chini akapiga paji la uso. Pachikodi bado zilikuwa zimegeuka, kwa ajili ya kosa ambalo halikuwepo tena.

Nyuzi 42 zilizobaki

Sehemu hii haikuzima mtandao wa mtu, kwa hiyo haikuandikwa kwenye ripoti rasmi, ila kwa fundi anayejifunza naona ina faida zaidi.

Kwanza, vipimo vya kuchekesha. Siku ya nne tulipopima kutoka Juu kwa wimbi la 1550, viungo vya chemba A vilionyesha faida: uzi mmoja kwa mfano ulisoma minus 0.16, kana kwamba kiungo kinazalisha mwanga. Vya chemba B kwa uzi huohuo vilisoma hasara ya 0.26. Fundi kijana, bado ana kidonda cha usiku ule, akataka kuvunja vya chemba B vyote.

Mwanga haupatikani bure. Kebo mpya ni ya kiwanda kingine, nyuzi zake zinabeba mwanga kwenye duara jembamba kidogo kuliko za zamani na hurudisha mwangwi mkubwa zaidi. OTDR inasoma mwangwi tu. Ikivuka kutoka uzi wenye mwangwi mdogo kwenda wenye mwangwi mkubwa inadhani imepata faida, na ikitoka inadhani imepata hasara. Dawa ni kupima pande zote mbili na kuchukua wastani. Kutoka Chini, chemba A ilisoma 0.24 na chemba B minus 0.18. Jumlisha, gawa kwa 2: kila chemba 0.04. Mkataba wetu ulitaka kisizidi 0.1. Angevunja viungo 42 vizuri.

Pili, mrija wa tatu. Nyuzi zake 9 kati ya 12, hata kwa wastani wa pande mbili, zilikuwa mbaya chemba B. Mmoja ulisoma 0.42 kwa 1550. Fundi kijana akaukata, akauyeyusha tena, 0.48. Akarudia, 0.71. Mashine kila mara ilikadiria 0.02, na hapo akaanza kuituhumu mashine.

Mzee hakugusa kitu. Aliomba kipimo cha wimbi la nanomita 1310. Kikaja 0.05.

Kiungo kibovu, kilichopishana viini au kilichochafuka, ni kibovu kwa mawimbi yote mawili, na mara nyingi 1310 ndiyo huumia zaidi kidogo. Hasara inayoonekana 1550 na kutoweka 1310 ni ya uzi uliopindwa. Wimbi refu humwagika kirahisi penye kona. Akafungua kloja, lile boksi lisiloingiza maji ambamo viungo hulala kwenye trei, akafuata mrija wa tatu kwa kidole hadi unapoingia. Tai ya plastiki ilikuwa imekazwa pale mpaka mrija umebonyea. Na mle kwenye trei, kila mara fundi kijana alipokata na kurudia alikuwa amefupisha akiba ya uzi, kwa hiyo mizunguko ilizidi kuwa midogo, kona zikazidi kuwa kali, na hasara ikapanda kwa kila "rekebisho". Mzee alikata tai, akalaza mizunguko upya kwa nusu kipenyo cha milimita 30 na zaidi pale urefu uliporuhusu. Uzi ule ukasoma 0.06. Nyuzi mbili kati ya zile 9 akiba yake ilikuwa imekwisha kiasi kwamba ilibidi tuvute kebo zaidi kutoka kwenye mzunguko wa chemba na kuandaa mrija upya.

Kadirio la mashine linatokana na picha ya kamera wakati wa kuyeyusha. Uzi ukishatoka mezani, mashine haina habari nao.

Ninavyokitazama kisa hiki sasa

Watu wengi waliosikia habari hii walilaumu viungo vya kubana. Sikubaliani nao. Hesabu ya akiba ilikuwa sahihi, na vyote 6 vilipitisha mwanga usiku ule. Kilichoharibika ni kuviacha bila tarehe. Kiungo cha kubana kwenye njia ya kilomita 71 ni sawa na tairi la akiba: linakufikisha, lakini tuliondoka saitini bila mtu kupewa jukumu la kukirudia, na baridi ndiyo ikatukumbusha. Kile cha uzi wa 6 kingegundulika palepale kama tungekipima tena baada ya nusu saa, kimetulia, badala ya kufurahia taa ya kijani.

Kosa kubwa ni la rangi, na ni langu kabla ya kuwa la mtu mwingine. Kuunganisha kwa rangi si vibaya, wala kwa namba si vibaya. Mafundi wote wawili wangefuata kanuni moja, yoyote ile, mtandao ungewaka saa 2:50. Swali la kijana lilikuwa ndilo swali lenyewe. Nililijibu kwa neno ambalo kila mmoja alilijaza maana yake, kwa sababu nilikuwa na simu sikioni. Na kule kukubaliana juu ya mirija kulitupa utulivu wa uongo: tofauti ya nje tuliiona, tukaamini tumeimaliza.

Kulikuwa pia na kinga rahisi ambayo hatukuitumia. Umbali kati ya chemba ulikuwa mita 180, na tochi nyekundu ya kukagulia hufika kilomita kadhaa. Kabla ya kiungo cha kwanza, Mzee angemulika uzi wa 1 wa kebo mpya, kijana aangalie chemba B ni upi unaong'aa. Dakika moja. Kwa urefu wote, chanzo cha mwanga chenye mlio wa 2 kHz upande mmoja na kipima nguvu upande wa pili kingetuambia uzi gani unatokea wapi, jambo ambalo OTDR haiwezi. Vifaa vyote hivyo vilikuwa garini.

Kuhusu kugeuza pachikodi, sina neno baya kwa mwenzetu wa Chini. Bila yeye tungekesha. Lakini geuzo lisiloandikwa liligharimu viungo viwili vizuri na dakika 25 za mteja. Rekebisho la muda linatakiwa liache alama kwenye chuma chenyewe. Sasa hivi ukigeuza pachikodi kwetu unafunga kipande cha utepe wa njano kwenye waya uleule, na hautoki mpaka geuzo liondoke.

Ndani ya mfuniko wa sanduku la mashine yetu kuna karatasi iliyofunikwa kwa plastiki, safu mbili za rangi kwa mwandiko wa fundi kijana, namba 1 hadi 12. Lile roli nalo bado liko stoo, limebaki mita 640. Mzee alilizungushia utepe mwekundu na kuandika kwa kalamu nene ubavuni: HUYU ANAANZA NA NYEKUNDU. ULIZA KABLA HUJAKATA.